Kingereza: kupata neno ndani ya herufi bado si kujua kuongea

Mwaka 2015, huko Ubelgiji, mwanaume mmoja wa New Zealand anayeitwa Nigel Richards alishinda mashindano ya dunia ya Scrabble katika lugha ya Kifaransa. Mchezo wenyewe unajulikana: kila mchezaji anashika vipande saba vyenye herufi, anatafuta neno ndani yake, kisha analipanga juu ya ubao. Katika fainali Richards alimshinda mchezaji kutoka Gabon, inchi ambamo watoto wanasoma kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza. Ila kuna jambo moja: Richards haongei Kifaransa. Kwa majuma karibu tisa alikuwa amesoma orodha ya maneno ya mchezo, akayashika kichwani kama vile mtu anavyoshika sura za wapita njia bila kujua majina yao. Mwaka 2018 alirudi akashinda tena. Mwaka 2024 akaenda Granada, Hispania, na kule akachukua taji la Kihispania, lugha ambayo pia haongei.

Watu wengi walipokea habari hizo kama kichekesho. Kwa kijana wa Bukavu, Goma, Bunia ao Kalemie anayejifunza Kingereza usiku, telefone mkononi, zinapaswa kuwa habari za kufikirisha. Sababu ni kwamba katika telefone hizo mna vyombo vinavyofanya hasa kazi ya Richards. Unaandika herufi ulizo nazo, unabonyeza, na orodha ya maneno yote ya Kingereza yanayoweza kutoka ndani ya herufi hizo inashuka mbele ya macho. Kuna michezo ya kupanga herufi, kuna Wordle ya kutafuta neno la herufi tano kwa majaribio sita, kuna mafumbo ya kila siku. Vijana wanavipenda kwa sababu havikuli mega nyingi na vinafanana na masomo. Na hapo ndipo penye swali: je, ni masomo kweli?

Haja ya Kingereza mashariki mwa Kongo si ya kubuni. Inchi ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ilikuta mkataba wa jumuiya hiyo unataja Kingereza kuwa lugha rasmi. Mfanyabiashara wa Butembo anayepitisha mali Kasindi anakutana na karatasi za Kingereza mara tu anapokanyaga Uganda. Anayeomba kazi katika ONG ya kimataifa anaulizwa kama anajua Kingereza, hata kama kazi yenyewe itafanyika kwa Kiswahili na Kifaransa. Kwa hiyo kijana anayekaa na telefone yake akitafuta maneno hachezi tu. Anatafuta mlango.

Ni vizuri kwanza kuelewa namna chombo hicho kinavyofanya kazi, kwa sababu wengi wanadhani kina akili ya ajabu. Hakina. Mtu mwenye herufi saba tofauti anaweza kuzipanga zote kwa namna 5,040. Akihesabu pia mipango mifupi, kuanzia herufi mbili, anafika namna 13,692. Hakuna mwanadamu atakayeijaribu yote. Mashine nayo haijisumbui kuijaribu. Inachukua kila neno la kamusi na kupanga herufi zake kwa utaratibu wa alfabeti. Neno «listen», maana yake kusikiliza, linageuka kuwa EILNST. Neno «silent», maana yake kimya, nalo linageuka EILNST. Vivyo hivyo «enlist», kujiandikisha jeshini. Maneno yote yenye ufunguo mmoja yanawekwa katika sanduku moja. Mtu akileta herufi zake, hata zikiwa zimevurugika namna gani, mashine inazipanga kwa alfabeti, inafungua sanduku, inamwaga vilivyomo. Haikusoma neno hata moja. Kusikiliza, kimya na jeshi kwake ni kitu kilekile.

Kichwa cha mtu hakifanyi hivyo, na hiyo ndiyo faida yake. Mchezaji mzuri wa Kingereza anatafuta kwanza vipande anavyovijua: -ing, -ed, -er mwishoni, re- ao un- mwanzoni. Akiwa na Q, anatafuta U. Akiwa na herufi sita za neno «retina», anajua kwamba karibu kila herufi ya saba itakayokuja itamzalia neno. Ikija C anapata «certain», ikija G anapata «granite», ikija P anapata «painter». Ikija D ni «trained», ikija R ni «trainer», ikija E ni «trainee».

Hayo matatu ya mwisho yanastahili kusimamiwa kidogo. «Trainer» ni mtu anayefundisha. «Trainee» ni mtu anayefundishwa. Tofauti ni herufi moja ya mwisho. Katika tangazo la kazi, herufi hiyo moja inatenganisha mtu mwenye kulipwa mshahara wa mtaalamu na mtu wa mafunzo ya kazi, ambaye mara nyingine analipwa feza ya tiketi tu. Chombo cha kutafuta maneno kitakupa yote mawili, moja chini ya lingine, bila kukuambia kitu. Anayeyakuta katika mchezo na kupita haraka kwa sababu yote yana thamani ileile ya pointi, amepata maneno mawili na hajapata chochote.

Kuna mtego mwingine unaowagusa Wakongo kuliko majirani zao wa Uganda ao Tanzania, nao unatoka katika Kifaransa. Herufi P, A, I, N zikijipanga, Mkongo aliyesoma anaona mkate. Kwa Kingereza ni maumivu. «Chair» kwa Kifaransa ni nyama ya mwili, kwa Kingereza ni kiti. «Four» kwa Kifaransa ni tanuru la mkate, kwa Kingereza ni nne. «Coin» kwa Kifaransa ni pembe, kwa Kingereza ni feza ya chuma. «Sale» kwa Kifaransa ni uchafu, kwa Kingereza ni mauzo. Mchezo hauwezi kumsahihisha mtu huyu. Ameandika neno, ubao umelikubali, pointi zimeingia, naye anaondoka na mkate wake akiamini kwamba amejifunza.

Lakini kusema kwamba michezo hii ni upotevu wa wakati, kama baadhi ya walimu wanavyosema, ni kukosea upande wa pili. Kingereza kina ugonjwa ambao Kiswahili hakina: hakiandikwi jinsi kinavyosemwa. Mtoto wa Kiswahili akijua herufi zake, anasoma kila neno. Irabu ni tano, na kila moja ina sauti yake popote inapokaa. Mtoto wa Kingereza anaishi katika fujo. Chukua herufi G, H, O, T, U. Ndani yake mna «tough», maana yake ngumu, linalosemwa karibu na «taf». Mna pia «ought», maana yake kupaswa, linalosemwa karibu na «oot». Herufi ni zilezile tano, na ndani ya kila neno zile nne, O, U, G, H, zinafuatana bila kubadilika, hata hivyo sauti hazifanani hata kidogo. Hakuna kanuni itakayomwokoa mwanafunzi hapo. Lazima jicho lizoee. Na mazoezi ya kuzoesha jicho ni haya haya ya kupanga na kupangua herufi.

Pia kuna jambo la sikio. Mtu aliyekulia katika Kiswahili anasikia lugha kwa vipande vinavyoishia na irabu: ba, le, ku, mi. Anapopewa S, T, R bila irabu katikati, kichwa chake kinakataa. Ndiyo maana neno la Kifaransa ao Kingereza likiingia Kiswahili linaongezewa irabu ili lipumue: «book» inakuwa buku, «bank» inakuwa benki. Sasa mpe mtu huyu neno «strength», nguvu, herufi nane na irabu moja tu. Akiwa darasani atalinakili kutoka ubaoni na kulisahau kesho yake. Akilitafuta mwenyewe ndani ya herufi zilizovurugika, akajaribu G hapa na H pale mpaka likasimama, hatalisahau upesi. Ule ugumu ndio unaolikaza kichwani. Kwa hiyo anayekimbilia chombo kabla hajajaribu hata dakika mbili anajinyima kile kipande chenye faida, anabaki na orodha.

Historia ya mchezo wenyewe inafundisha jambo. Scrabble ilitengenezwa na Alfred Butts, Mmarekani aliyekuwa na kazi ya kuchora majengo, akapoteza kazi hiyo wakati wa shida kubwa ya uchumi ya miaka ya 1930. Kwa kuwa alikuwa na wakati mwingi na feza kidogo, alikaa na magazeti, kati yake The New York Times, akahesabu kila herufi inaonekana mara ngapi. Kutoka hesabu hiyo aligawa vipande vyake 100. E ilipewa vipande 12 kwa sababu Kingereza kimejaa E. Q na Z zilipewa kimoja kimoja na pointi 10. S aliipunguza makusudi mpaka vipande vinne, maana kwa Kingereza ukiongeza S mwishoni unapata wingi, na mchezo ungekuwa rahisi kupita kiasi. Jina la Scrabble lilikuja mwaka 1948, wakati mtu mwingine, James Brunot, alipochukua mchezo na kuanza kuuza.

Maana yake ni kwamba katika kila sanduku la Scrabble mna picha ya lugha moja. Wafaransa walipotengeneza lao walihesabu upya: E ina vipande 15, na K na W zina kipande kimoja kimoja chenye pointi 10, kwa sababu Kifaransa karibu hakizitumii. Mtu wa Goma akitazama hivyo lazima acheke. K na W! Kuku, kiwiko, wakaaji, kuwakawiza. Katika Kiswahili hizo ni herufi za kila pumzi. Anayecheza sanduku la Kifaransa kwa maneno ya Kiswahili angekosa K mbele ya kumaliza sentensi ya kwanza, tena angekaa na rundo la E asijue pa kulipeleka.

Na si vipande tu. Hata ile mashine ya sanduku na ufunguo ingeshindwa na Kiswahili. Kingereza kina maneno yanayosimama peke yake, yanayoweza kuandikwa yote katika orodha. Ile inayotumika katika mashindano ya kimataifa ina karibu 280,000. Lakini Kiswahili kinajenga neno papo hapo. Kutoka «penda» unapata ninakupenda, hatukuwapenda, wangelitupenda, asiyependeka. Hakuna kamusi inayoyaandika yote, na hakuna mtu anayehitaji iyaandike, kwa sababu anayejua sarufi anayajenga mwenyewe. Chombo cha Kiswahili kingelazimika kujua sarufi, si kutazama orodha tu. Hapa pana kazi nzuri kwa wanafunzi wa informatike wa universite za Kongo wanaotafuta mada ya kumalizia masomo, na kwa bahati nzuri magazeti ya kuhesabia herufi sasa yapo bure katika telefone.

Turudi kwa Kingereza na kwa wenye kukishinda. Mwaka uleule wa 2015, miezi michache baada ya Richards kushinda kwa Kifaransa, Mwafrika wa kwanza alichukua taji la dunia la Scrabble ya Kingereza. Ni Wellington Jighere wa Nigeria, aliyeshinda huko Perth, Australia. Wanaijeria walijulikana kwa mbinu iliyoshangaza wengi: hawakukimbilia neno refu kila wakati. Mara nyingi walichagua neno fupi ijapokuwa refu lilikuwepo, ili wasimfungulie mpinzani nafasi nzuri na ili wabaki na herufi za kufaa kwa zamu inayofuata. Nigeria imelea mchezo huu kama inavyolea mpira, na matokeo yake yameonekana.

Tofauti kati ya watu hawa wawili ina uzito kwa mashariki mwa Kongo. Jighere ni mtu wa inchi ambamo Kingereza ni lugha ya shule na ya ofisi; maneno anayoyapanga juu ya ubao anaishi nayo. Richards kwa Kifaransa alikuwa kama mtu anayejenga nyumba nzuri kwa matofali asiyojua yanatengenezwa na nini. Wote wawili walistahili ushindi wao, maana mchezo hauulizi maana. Lakini mahojiano ya kazi yanauliza. Muuguzi wa Mbarara ambaye mgonjwa wa Beni anamweleza maumivu yake anahitaji kusikia «pain», na mgonjwa akisema neno hilo huku akifikiria mkate, hakuna pointi zitakazomsaidia.

Hata maneno yenyewe ya mashindano yanaonyesha umbali huo. Orodha hiyo ina maneno ya herufi mbili zaidi ya 120, na mabingwa wanayashika yote, kwa sababu bila hayo huwezi kubananisha vipande ubaoni. Mna «qi», neno la Kichina la nguvu ya uhai. Mna «xu», feza ndogo ya Vietnam. Mna «aa», neno la Hawaii kwa lava iliyoganda yenye ncha kali, ambalo wakaaji wa Goma, waliojenga nyumba zao juu ya lava ya Nyiragongo, wangeweza kulipenda kuliko Waingereza wenyewe. Lakini mtu anaweza kuishi London maisha yake yote bila kusema hata moja kati ya hayo matatu. Anayeanza Kingereza na kuyajaza katika daftari lake amebeba jiwe badala ya unga.

Wordle inaonyesha kwamba inawezekana kufanya vingine. Josh Wardle, aliyeutengeneza mchezo huo, alikuwa na maneno ya herufi tano kama 12,000. Mengi kati yake hakuna mtu anayeyajua. Basi mwenzi wake aliyapitia moja moja, akabakiza yale anayoyafahamu, kama 2,300. Orodha hiyo iliyochujwa ndiyo iliyoufanya mchezo kupendwa na mamilioni, mpaka The New York Times ikaununua mwanzoni mwa mwaka 2022. Chujio lilikuwa swali moja tu: je, mtu wa kawaida analijua neno hili?

Swali hilo linaweza kuingia katika klabu yoyote ya Kingereza hapa, na halihitaji mega wala umeme. Mwalimu anaandika ubaoni herufi tano: A, E, L, S, T. Telefone zinawekwa mfukoni kwa dakika kumi. Wanafunzi watapata «least», kidogo kuliko vyote, «steal», kuiba, «stale», kitu kilichochacha kama mkate wa juzi, «tales», hadithi, «slate», kibao cha kuandikia ambacho wazazi wao walikitumia shuleni. Anayetaja neno halihesabiwi mpaka aliseme kwa sauti jinsi linavyosemwa na kulitia katika sentensi inayohusu maisha yake, soko la Kadutu ama mwendo wa pikipiki. Akishindwa, mwingine analichukua pamoja na pointi zake. Kisha, dakika kumi zikiisha, telefone zinatoka na chombo kinaulizwa kama kuna neno lililosahauliwa. Kitaongeza «teals», na mtu atalazimika kufungua kamusi ili ajue kwamba ni bata wadogo wa majini. Darasa litacheka na kuliacha lipite, sawa kabisa na alivyofanya yule mwenzi wa Wardle.

Zoezi la juma linalofuata lingekuwa lile la «retina» na herufi yake ya saba. Hapo kila mwanafunzi aandike barua fupi ya kuomba kazi, moja kama «trainer», nyingine kama «trainee», aeleze katika kila moja anachoweza kufanya na anachotaka kulipwa.